Msaji Umepata Mbabe Wake

Kaeni mkao wa kula, mafundi! Nimefunga mkanda wa msumeno uitwao Resaw King, wa kampuni ya Laguna, kwenye msumeno wenye magurudumu ya inchi 18, nikasukuma kipande cha msaji chenye kimo cha inchi 8, na kilichotoka ni ubao wa milimita 2, unene uleule juu mpaka chini. Nimeugeuza kwenye mwanga nikitafuta alama za meno. Zipo kwa mbali sana, za kumalizwa na msasa. Randa sikuigusa!

Wanaofanya kazi na msaji wa Longuza au Kilombero wanajua adha yake. Ndani ya mti huo kuna silika, na mkanda wa chuma cha kawaida huisha makali upesi. Ukishakuwa butu unayumba, unaunguza mbao, unakupa ubao wenye tumbo katikati. Huu mpya hauna habari. Ncha ya kila jino ni punje ya kabaidi iliyounganishwa na chuma, na makali yake yanakaa muda mrefu ajabu.

Kilichonikosha zaidi ni mpangilio wa meno. Nafasi zake hazilingani: pengine meno 2 kwa inchi, pengine 3, hivyo mtetemo unapungua na mashine inaunguruma kwa utulivu. Halafu tazama mabonde kati ya jino na jino, yalivyo na kina! Jino likizama kwenye mbao ndefu hivyo, unga wote linaoukata lazima liubebe mpaka litokee chini. Bonde likijaa mapema, joto linapanda na mkanda unapinda. Ndiyo maana mkanda wa kupasulia, hata wa bei ya chini, uwe na meno 2 au 3 kwa inchi. Wenye meno 6 ni wa mbao nyembamba.

Bei yake ni mara kadhaa ya mkanda wa kawaida. Anayepasua msonobari na saipresi hauhitaji. Na mvule, jamani, tahadhari: mti huo huficha mawe ya chokaa ndani, na kabaidi, pamoja na ugumu wake wote, ikigonga jiwe inamegeka. Mvule uendelee na mkanda wa chuma.

Ukiufungua mara ya kwanza vaa glavu na miwani, maana umekunjwa na unafyatuka kwa nguvu. Mikato ya mwanzo isukume polepole. Utomvu ukiganda kwenye meno, mkanda unajifanya butu kumbe ni mchafu tu: uvue, uloweke kwenye maji ya sabuni, sugua kwa brashi ya plastiki, kausha vizuri usipate kutu. Jioni legeza mkazo, magurudumu na mkanda vipumzike. Na siku ya kuunoa usiuguse kwa tupa. Kabaidi hunolewa kwa jiwe la almasi, na mkanda huu umetengenezwa uweze kunolewa tena.

Kwa fundi wa msaji, hukumu yangu ni moja: nunua! Kama mfuko hauruhusu, changeni wawili watatu wenye mashine za saizi moja. Ila kabla ya kuagiza, pimeni urefu wa mkanda mnaoutumia sasa, maana kila mashine ina wake.