Makovu ya Ndege ya Povu

Anayeuza ndege ya rimoti ya mtumba huanza na rangi. Ataigeuza juani, akuonyeshe stika zilivyokaa, kisha aape kwamba haijawahi kuanguka. Hapo ndipo pa kutia shaka. Ndege ya povu isiyoanguka kamwe ama haijarushwa, ama mwenyewe ni rubani mzuri asiye na haja ya kuiuza. Mimi huitafuta iliyoanguka ikainuliwa vizuri. Bawa jipya linakueleza kiwanda tu. Bawa lililoungwa linakueleza mtu: kama ana subira, kama anaogopa uzito, kama aliichunguza ndege kabla ya kuirudisha angani.

Kwanza ujue umeshika povu gani. Lile jeupe la punje kubwa, linalokuja limeikumbatia televisheni ndani ya boksi, ni EPS. Ni jepesi na la bei nafuu, lakini hukatika ghafla, na supagluu ya kawaida hulila mpaka likabaki shimo. Hata rangi ya kopo la kupuliza hulitafuna. EPP ni kinyume chake: hugonga, hujikunja, hurudi lilivyokuwa. Ulaini huohuo hufanya bawa lipepee, ndiyo maana ndege za EPP hutiwa fito za kaboni. Katikati kuna EPO, punje ndogo zilizoshikana na ngozi laini, na ndilo utakalolikuta kwenye ndege nyingi za wanaojifunza. Multiplex ya Ujerumani huliita la kwake Elapor, na kwa povu hilo ikatengeneza EasyStar, ndege ya mabawa ya mita 1.37 hivi yenye mota nyuma ya bawa, ili pua inapopiga chini pangaboi lisalimike. EPO huvumilia supagluu. Anayelidharau povu akumbuke kwamba hata ndege za Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka 2016, zimevikwa povu.

Ukishajua povu, tafuta unyoofu. Isimamishe ndege mbele yako, mkia ukikuelekea, ufumbe jicho moja. Ukingo wa nyuma wa bawa la kulia na wa kushoto uinuke sawasawa, na mkia ulingane na mabawa. Bawa lililopinda kidogo halionekani dukani, bali angani: rubani anashikilia stiki upande mmoja muda wote, na mwendo ukipungua upande ule mbovu ndio unaotangulia kudondoka. Kupinda peke yake si dhambi, kwa kuwa mvuke au maji ya moto hulainisha EPO, ukalipinda kinyume na kulishikilia hadi lipoe. Dhambi ni kupinda kulikofungiwa ndani ya gundi. Fundi aliyegandisha bawa likiwa limejikunja amekuuzia kazi ya kuvunja upya.

Sasa kovu lenyewe. Fumba macho, pitisha ncha ya kidole. Kiungo kizuri hukihisi, au unahisi uzi mwembamba tu. Ukikuta tuta la gundi ya moto, fundi alikuwa na haraka. Gundi ya moto ina kazi zake, kama kushika sevo, mota ndogo zinazosogeza usukani, mahali pake, lakini ni nzito, haipenyi, na ndege ikiachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Dar es Salaam hulegea na kiungo kikateleza. Gundi ya poliyurethani nayo hufura inapokauka. Asiyeijua huiacha itoke kama uji uliofurika sufuria. Anayeijua hulowesha upande mmoja kidogo, hupaka kiasi kidogo sana, hubana kwa selotepu, na hurudi kufuta kinachotoka.

Angalia pia kama mstari wa kiungo umepindapinda au umenyooka kama wa rula. Wengi hudhani ulionyooka ndio wa fundi. Kwa povu ni mara nyingi kinyume. Povu likivunjika huacha meno, na meno hayo hukumbuka jinsi vipande vilivyokaa; ukivirudisha bila kuvikata, bawa linapata pembe yake ya mwanzo lenyewe, na eneo la kushikana ni kubwa zaidi. Fundi mzuri huokota hadi vijipande vya ukubwa wa ukucha uwanjani. Kisu kinaingia pale tu povu liliposagika kiasi cha kutopona, na hapo anakata sehemu yote kwa unadhifu na kutia kiraka cha povu lilelile. Pua iliyobonyea haihitaji kisu wala pati. Ichovye katika maji yanayochemka, punje zitavimba na umbo kurudi kwa kiasi kikubwa, ingawa uso utabaki na vipele. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na bado yanatosha.

Kiungo cha bawa hakiachiwi gundi peke yake. Uliza kama kuna ufito wa kaboni, kisha uliza umekaa wapi. Uliozikwa katikati ya unene wa bawa hausaidii sana, maana bawa likipinda juu, unaobanwa ni uso wa juu na unaovutwa ni uso wa chini. Katikati hakuna mkazo mkubwa. Ubapa wa kaboni uliosimamishwa wima, au fito mbili, mmoja juu na mwingine chini, ndiyo kazi ya maana. Na ncha zake zisiishie mstari mmoja. Viimarisho viwili vikikomea mahali pamoja vinatengeneza mahali papya pa kuvunjika, na ajali ijayo itapaona. Jaribio langu ni moja: inua ndege yenye betri ndani kwa vidole, kila kidole kwenye ncha ya bawa. Bawa lipinde kidogo kama upinde, pasisikike mlio wa kukwaruza. Ukisikia mlio, punguza bei au ondoka.

Uzito ndio unaowatoa wengi kwenye mstari, na hapa nitasema wazi kuwa sipendi ndege iliyopakwa rangi upya. Ndege ya kujifunzia ya mabawa ya mita 1.4 huwa na gramu 700 hivi. Gramu 60 za gundi na rangi zinaonekana si kitu, mpaka ujue ziko wapi. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, kwa hiyo gramu 10 za kiungo cha mkia hudai gramu 20 au 30 za risasi puani, nawe unabeba zote mbili. Tafuta kitovu hicho kwa vidole viwili chini ya mabawa: kwa ndege ya kawaida kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Pua nzito huleta uzembe angani. Mkia mzito huleta ajali.

Mengine ni ya haraka. Tikisa vibawa vya usukani: ulegevu wa zaidi ya milimita mbili ukingoni ni sevo iliyochoka au tundu la waya lililopanuka. Pangaboi lililoungwa kwa gundi litupwe, hata kama linaonekana zima. Betri ya lipo iliyovimba usiichukue hata bure. Nzuri ikijaa husoma volti 4.2 kwa kila seli, na seli zake hazipishani sana. Halafu washa rimoti, simama nyuma ya ndege, sukuma stiki kulia: kibawa cha kulia kiinuke. Waya zilizounganishwa kinyume baada ya matengenezo zimeua ndege nyingi.

Angani sasa. Kwa Kenya na Tanzania ulizia kwanza masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA au TCAA, kisha chagua asubuhi kabla ya upepo kuamka, na muuzaji arushe mwenyewe. Usivutiwe na mizunguko ya kichwa chini. Ndege yenye nguvu inaweza kuifanya na mkia uliopinda. Mwambie aipandishe juu sana, apunguze moto hadi nusu, aachie stiki. Iende yenyewe, ikiyumba kidogo tu. Bado ikiwa juu, azime mota na avute stiki polepole mpaka mabawa yaishiwe nguvu ya kubeba. Ndege nzuri huinamisha pua na kujirekebisha. Inayodondosha bawa moja, kila mara lilelile, ina mpindo ambao macho yako hayakuuona chini. Mwisho aje kwako uso kwa uso, pale kulia na kushoto vinapogeukana kichwani. Anayejua husukuma stiki kuelekea bawa lililoshuka, bila kufikiri. Na kutua kwake kuwe dhidi ya upepo, mabawa sawa, moto ukipunguzwa mapema.

Ukiinunua Dar na kuipeleka Nairobi, itarajie itue kwa kasi zaidi, kama asilimia 9 hivi, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Uwanja uliotosha pwani huenda usitoshe.

Kuna bodi zisizostahili tena kuungwa. Ukikuta viungo vimepandana juu ya viungo, au pua imechovywa mara nyingi hadi punje zinaachana kwa kuguswa, lipia mota, sevo, risiva na kidhibiti kasi pekee. Bodi yenyewe iombe kama nyongeza: ukiikatakata, una akiba ya viraka vya povu lenye uzito na punje zilezile.