Naitrojeni ya Winam: kosa liko kwenye jedwali

Waandishi wa Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya, Tangazo la Kisheria Na. 120 la 2006, walifanya mengi sawasawa. BOD ya majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira waliipa kikomo cha miligramu 30 kwa lita, COD wakaipa 50, na hapo hakuna wa kuwalaumu. Walipofika kwenye naitrojeni walikosea, na walioumia zaidi ni wakazi wa ufuo wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria.

Mstari wenyewe ulikuwa katika Jedwali la Tatu. Ulijumlisha amonia, naitraiti na naitreti, naitrojeni ya amonia ikizidishwa kwanza kwa 4, kisha jumla ikawekewa kikomo cha miligramu 100 kwa lita. Ukiusoma haraka unaonekana mkali. Ukiufanyia hesabu, ukali unayeyuka.

Chukua majitaka ya mjini yenye miligramu 50 za naitrojeni ya amonia kwa lita. Yakitoka yalivyoingia, 50 mara 4 ni 200, na mtambo umefeli. Mwendeshaji akiongeza hewa mpaka 40 kati ya hizo zigeuke naitreti, zinabaki 10 za amonia: 10 mara 4, jumlisha 40, jawabu ni 80. Mtambo umefaulu. Lakini ukiacha kidogo kilichonaswa na tope, naitrojeni iliyoingia ndiyo iliyotoka. Imebadili umbo tu, na mwani wa ghuba hula naitreti kama unavyokula amonia.

Jedwali hilohilo lilikuwa na mstari mwingine, wa naitrojeni yote: miligramu 2, tena kama thamani ya mwongozo. Hata mitambo ya Ulaya iliyogharimu mabilioni hupata taabu kufika hapo. Kwa hiyo msanifu aliachiwa tarakimu mbili: 100 inayombana bila kuliokoa ziwa, na 2 ambayo haimbani na haifikiki. Katikati, palipo na kazi halisi ya dinaitrifikesheni, yaani kugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, hapakuandikwa kitu.

Japani nayo ina mstari wa 100 unaofanana na huu, ila amonia inazidishwa kwa 0.4. Huko mstari huo unalinda afya ya watu, na kwa ajili ya maziwa yanayoelekea kujaa mwani kuna kikomo cha pekee cha naitrojeni yote. Kenya ilichukua sura ya mstari wa afya na kuutwisha kazi ya ziwa.

Hasara ya pili ni ya umeme. Kugeuza kilo 1 ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti kunakula kilo 4.57 za oksijeni, na katika mitambo ya tope hai kupuliza hewa ndiko kunakomeza sehemu kubwa ya bili. Kisumu, mji ulio kwenye ghuba hiyo, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, na mashine za kupuliza hutoa jasho zaidi kwa oksijeni ileile. Naitreti ikirudishwa kwenye tangi lisilo na hewa, likutane na majitaka mabichi, bakteria huitumia kuvunjavunja uchafu, na kila kilo inafidia kilo 2.86 za oksijeni. Nusu ya alkali iliyoliwa inarudi pia, jambo zito kwa mji unaotumia maji laini ya ziwa, kwa sababu kila gramu ya naitrojeni iliyogeuzwa hula gramu 7.14 za alkali. Kanuni ya 2006 ilimtaka mwendeshaji alipe noti nzima na aondoke dukani bila chenji.

Bakteria hawasubiri kanuni. Kwenye joto la nyuzi 25, amonia hugeuka haraka palipo na hewa, na naitreti isipopewa tangi lake hujichagulia pengine. Simama kando ya tangi la mwisho la mtambo wa tope hai lenye tope lililokaa sana: vipovu vidogo vinapanda, kisha bonge la tope la kahawia linainuka kama mkate na kuelea hadi ukingoni. Hiyo ni dinaitrifikesheni, imetokea pasipo mahali pake, na inakwenda na tope kwenye mto.

Dawa ilijulikana barani humu miaka 30 na zaidi kabla ya jedwali hilo. Ludzack na Ettinger walitoa wazo la eneo lisilo na hewa mwaka 1962. James Barnard, mhandisi wa Afrika Kusini, akalinyoosha Pretoria mwanzoni mwa miaka ya 1970: eneo hilo la mbele akalitenga kabisa, akaongeza pampu ya kusukuma maji yenye naitreti kutoka nyuma. Ukuta mmoja na pampu isiyopandisha maji juu. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew. Wahandisi wa namna hiyo waliuliza kwanza uchafu unakwenda wapi, ndipo wakauliza karatasi inataka nini.

Kisumu yenyewe ilianza vizuri: vichujio vya mawe vya Kisat hupata hewa bila mashine, na mabwawa ya Nyalenda hutegemea jua. Ila wapo bado wanaofundisha kwamba amonia ya mabwawa huruka tu angani, kwa fomula ya Pano na Middlebrooks ya 1982, ingawa Camargo Valero na Mara walionyesha mwaka 2007, kwa naitrojeni yenye alama, kwamba inayoruka ni kidogo sana.

Watetezi wa jedwali husema naitrojeni nyingi huletwa na mito ya Nyando na Sondu-Miriu. Ni kweli. Lakini mito haina bomba la kufungiwa, mtambo unalo. Tena ghuba ni ya kina kifupi, maji yake hayabadiliki upesi, na tuta la Mbita liliziba njia mojawapo kwa miongo kadhaa. Microcystis, mwani unaoijaza sumu, haujitengenezei naitrojeni kutoka hewani, lazima uletewe. Fedha zilizotumika kukatakata gugumaji zilikuwa zinalipia mavuno ya mbolea hiyohiyo.

Wengine wanarukia anamoksi, njia ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa gesi ya naitrojeni bila hewa, kwa kuwa Rotterdam iliiwasha mwaka 2002. Ni kazi safi kwa maji ya vuguvugu yanayotoka kwenye tope lililochachishwa, lakini haifuti haja ya pampu ya Barnard.

Mwaka 1991 Ulaya iliweka, kwa maji yanayoelekea kujaa mwani, kikomo cha naitrojeni yote cha miligramu 15 kwa lita kwa miji ya kadiri, 10 kwa mikubwa. Mtambo wowote unaomwaga Winam upewe 15 inayobana, na zabuni zidai kilowati-saa kwa kila kilo ya naitrojeni iliyoondolewa, si iliyogeuzwa.