Diski Ipo, Draiva Ndiyo Haipo

Ukipiga Windows upya kwenye laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 11, unaweza kufika pale pa kuchagua diski ukakuta orodha iko tupu. Kisakinishi kinakwambia hakuna diski iliyopatikana, kisha kinakuonyesha kitufe cha kupakia draiva. Hicho kitufe kina msaada. Sentensi iliyotangulia ndiyo ninayoilaumu, maana inatoa hitimisho ambalo vipimo havijalitoa.

Prosesa haiongei na diski hivi hivi. Katikati kuna kidhibiti, na draiva ndiyo inayoufundisha mfumo endeshi lugha ya kidhibiti hicho. Draiva ya NVMe ya kawaida ipo ndani ya Windows tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013. Lakini kwenye laptopu hizi diski ya NVMe mara nyingi imewekwa nyuma ya kidhibiti kingine cha Intel kiitwacho VMD, na draiva ya hicho ndiyo kisakinishi hukosa. Diski ni nzima, umeme unaingia, ila mlangoni kuna mlinzi ambaye Windows haielewani naye.

Kinachoudhi ni kwamba kidhibiti chenyewe kimeshajitambulisha. Kila kifaa cha PCI hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Ya Intel ni 8086. Kisakinishi kingeweza kabisa kuandika: "Nimeona kidhibiti cha Intel, draiva yake sina." Badala yake mtu anaachwa aamini diski imekufa. Mwanafunzi ananunua SSD mpya, anaifunga, nayo haionekani vilevile.

Ushauri wa mtaani ni "zima VMD kwenye BIOS". Kama diski ni tupu, sawa. Kama Windows yenye kazi zako tayari imo, unaweza kukutana na kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au BitLocker ikadai ufunguo wa kurejesha. Data haijaenda popote. Ukiwasha VMD tena, kwa kawaida mashine inaamka. Shida ni wale wanaofomati kwanza ndipo waulize.

Afadhali ubebe draiva ya Intel RST kwenye flashi, ikiwa imefunguliwa hadi faili la .inf lionekane; .exe peke yake kisakinishi hakiitambui. (Enzi za Windows XP, mwaka 2001, ulibonyeza F6 na kuchomeka flopi. Tumebadilisha flopi tu!)

Kuna na suala la kuhakiki, na hapo pia watu wanapotea. Mtu anafungua Device Manager, anakuta draiva ya Microsoft ina tarehe 21 Juni 2006, anashtuka, anakimbilia vile viprogramu vya "kusasisha draiva zote". Tarehe hiyo imewekwa makusudi, ili draiva ya mtengenezaji ionekane mpya zaidi na ipewe nafasi. Soma namba ya toleo. Hiyo ndiyo hubadilika Windows inaposasishwa.