Mikono Nyuma

Mkufunzi aliyenionyesha namna ya kufundisha alikuwa na tabia moja iliyotukera sana. Tukiingia naye leba, mama akishapanda kitandani na mtoto yu njiani, yeye hurudi nyuma hatua moja, akapeleka mikono mgongoni na kushikanisha viganja. Unahangaika na glovu, unatafuta kibano cha kitovu kilicho mbele ya macho yako, jasho linakutoka, naye anakutazama tu. Tulidhani ni maringo ya wakubwa. Wengine walisema kachoka na kazi, anahesabu siku za kustaafu.

Nilipoanza kufundisha mwenyewe ndipo nilipojua kwamba kuiweka mikono mgongoni kunachosha kuliko kuzalisha.

Mkono wa mkunga mzoefu una akili zake. Unaona kabla ya jicho, na kitu kikienda kombo unaruka wenyewe. Kuuzuia usiruke, huku unahesabu sekunde kimoyomoyo na unajua barabara ni sekunde ipi utaufungua, mwanafunzi akiaibika na aaibike, huo ni ufundi, na sijausikia ukisifiwa popote. Daktari aliyepasua husifiwa. Muuguzi aliyekesha hukatiwa keki kila Mei 12, siku ya wauguzi. Aliyewafunda yuko ofisini na rundo la daftari za kusahihisha, chai yake imepoa.

Kabla ya leba kuna meza, na juu ya meza yupo mwanasesere. Akiwa mtupu hana heshima yoyote: ngozi ya plastiki iliyonywea, unaweza kumkunja ukamtia kwenye mkoba. Mjaze maji ya vuguvugu umpokee mikononi, mambo hubadilika. Anakuwa mzito, shingo haijishiki, kichwa kinaangukia upande, na nimewaona vijana waliokuwa wakicheka wakinyamaza ghafla kwa sababu mikono yao imedanganyika. Ana mirija miwili yenye vipira vya kubonyeza. Kimoja hupigisha mapigo kwenye kitovu, kingine humfanya apumue na kulia. Vipira hivyo huvishika mwalimu, chini ya ukingo wa meza, mwanafunzi asivione.

Zoezi lenyewe halina maneno mengi. Mtoto kazaliwa, halii. Mkaushe kwa kanga, msugue mgongo, itoe kanga iliyolowa, mfunike kwa kavu. Bado? Bana kitovu, kata, mpeleke mezani. Barakoa ikae juu ya kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Kichwa kiinuke kidogo tu, kama cha mtu anayenusa pilau ya jirani; kikilala mno njia ya hewa inajifunga, kikiinamia kifuani inajifunga vilevile. Kisha ambu, kile kifuko cha kusukumia hewa: bana, mbili, tatu, bana, mbili, tatu, pumzi kama 40 kwa dakika, na macho yasibanduke kifuani. Kifua kisipoinuka, unachofanya ni mchezo wa mkono tu.

Watoto wengi hawayahitaji yote hayo. Takriban mmoja katika kumi huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua, na wengi wa hao huitikia kwa kukaushwa na kusuguliwa. Wachache wanaobaki lazima wapewe pumzi, tena kabla dakika ya kwanza haijaisha, ile ambayo wakunga wamezoea kuiita dakika ya dhahabu.

Sasa rudi kwenye kipira kilicho chini ya meza. Mwalimu ndiye anayeamua mtoto alie lini, na hapo utamjua ni mwalimu wa aina gani. Mwenye huruma ya haraka hubonyeza mapema, kifua kikiwa hata hakijainuka vizuri, mwanafunzi akatabasamu na kwenda zake na kosa lake. Mkali hakibonyezi kabisa mpaka binti alie machozi yeye badala ya mwanasesere. Mkufunzi wangu alikuwa akitazama kifua, si uso wa mwanafunzi. Hewa ikiingia sawasawa, mtoto alilia. Ukiacha kubana ili ugeuke kumtazama yeye, utafute kusifiwa, mtoto alinyamaza tena.

Naupenda uzao wa mwanasesere huyu. Kampuni inayomtengeneza, Laerdal ya Stavanger kule Norway, ilianzishwa na mtu aliyekuwa akitengeneza vinyago vya watoto kuchezea. Åsmund Lærdal alijua kuifinyanga plastiki laini ikafanana na ngozi, na mwaka 1960 alitoa Anne, mwanasesere mkubwa wa kufundishia watu kumpumulia mtu aliyezimia. Kwa hiyo ukiwaona watu wazima wenye familia zao wamezunguka mdoli, wanambembeleza, ujue kazi imerudi ilikotoka.

Mwanzoni, kabla sijakutana na mkufunzi yule wa mikono nyuma, sisi hatukuwa na mwanasesere. Chuoni kwetu mkufunzi mwingine alisoma, sisi tukanakili, na hatua za kumsaidia mtoto asiyepumua nilizijua kwa mpangilio kama majina ya ndugu zangu. Mtihani wa nadharia niliufaulu vizuri. Kisha ikaja zamu ya usiku, mtoto akatoka mlegevu, wa rangi ya majivu, nikaichukua ambu. Nakumbuka niliitazama ile ambu. Sikumtazama mtoto, niliitazama ambu, nikijiuliza hatua ya nne ilikuwa ipi. Sista wa zamu alinipiga kikumbo, akainyakua, na mtoto akalia. Hakuna aliyekosea kwa kumwokoa mtoto. Lakini hakurudi kwangu baadaye, wala mimi sikumfuata, kwa hiyo somo nililobaki nalo usiku ule ni kwamba ambu hupokonywa. Mara iliyofuata niliishika nikisubiri mtu aje kunipokonya.

Ndiyo maana habari za Haydom ziliponifikia zilinigusa kuliko nilivyotarajia. Haydom ni hospitali ya Kilutheri iliyo ndani kabisa ya Manyara, na watafiti, wakiwamo Hege Ersdal wa Norway na Estomih Mduma wa hapohapo, walikaa leba wakihesabu sekunde. Waliona kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpa mtoto pumzi iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Mwaka 2010 wafanyakazi wakapewa mafunzo ya siku moja kwa mwanasesere. Baada ya miezi kadhaa walipopimwa mezani walikuwa hodari. Ila pale leba, kwa watoto wenye damu na nyama, mambo yalikuwa karibu yaleyale ya zamani.

Mtu aliyewahi kuhudhuria semina hatashangaa. Semina tunazijua: daftari jipya, kalamu yenye nembo, soda saa nne, posho jioni, cheti, picha ya pamoja. Mtu hurudi kituoni amefurahi kwa dhati. Wiki ya tatu mwanasesere yuko kabatini kwa mganga mfawidhi, na funguo anazo aliyekwenda likizo.

Walichofanya Haydom baadaye ni kitu kidogo mpaka mtu anaona haya kukiita mbinu. Mwanasesere alikaa leba yenyewe. Kila wiki wakunga walifanya mazoezi ya dakika chache, katikati ya kazi, na kila mwezi wakapata marudio marefu kidogo, wakihimizwa na wenzao wa humohumo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka kama 11 kwa kila watoto 1,000 hadi kama 7. Mazoea hayo yaliingizwa baadaye, pamoja na vifaa na mambo mengine, katika mpango wa vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Bibi yangu angesoma hayo akauliza wazungu na wasomi wamegundua nini. Kiswahili chetu kina kufundisha na kina kufunda, na aliyefundwa hafanani na aliyefundishwa. Kungwi hamkalishi mwali siku moja akampa cheti. Humwambia leo, akamwambia tena kesho kwa mzaha, kesho kutwa kwa wimbo, mpaka jambo likae mwilini, na humwambia palepale litakapotumika. Sisemi kila alichofundisha kungwi kilikuwa chema. Nasema juu ya namna yake tu. Neno fundi nalo linaanzia hapohapo, na fundi cherehani hajamfundisha kijana kutia uzi kwenye sindano kwa kumsomea.

Kuna nusu ya pili ya ufundi huu, na naiona ngumu kuliko kuizuia mikono: kuuzuia ulimi. Hospitali zetu zimerithi tabia ya kumsulubu mwanafunzi mbele ya kitanda. Mzunguko wa asubuhi, swali linatupwa, kijana anababaika, mgonjwa anatazama, wenzake wanaangalia viatu. Wapo wanaoapa kwamba ndivyo walivyojifunza. Nami nasema walijifunza, pamoja na hilo, kuficha. Mkunga anayeogopa kusemwa hatakwambia kwamba alichelewa dakika mbili akimnyonya mtoto ute ambao haukuwapo. Ataandika kwenye faili kwamba yote yalifanyika kwa wakati. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, na sijui kwa nini tunadhani waliwakusudia wagonjwa peke yao.

Mkufunzi wangu hakuuliza “kwa nini hukufanya”. Alisubiri mama atulie, mtoto awekwe kifuani, akamvuta mwanafunzi kando ya sinki na kuuliza, “Mwanangu, uliona nini?” Basi. Swali hilo halina mahali pa kujificha, wala halina kofi ndani yake. Linakulazimisha urudi ndani ya ile dakika uitazame upya, na mara nyingi kosa unaliona mwenyewe kabla yeye hajalitaja.

Mwaka jana nilikuwa leba na binti wa mwaka wa tatu, mpole, wa maneno machache. Mtoto alitoka kimya. Nilirudi hatua moja, mikono mgongoni, kucha zangu zikiwa zimezama kwenye kiganja. Alikausha. Alisugua. Alibana kitovu, akakata. Nilikuwa nimefika thelathini na nane alipoweka barakoa. Nikaona mabega yake yakishuka na macho yakihamia kifuani. Bana, mbili, tatu. Kifua kiliinuka. Nilifika sitini na tatu mtoto aliponuna, kisha akapaza sauti, na mama naye akaanza kulia.

Kando ya sinki nikamuuliza, “Mwanangu, uliona nini?”

Akafikiri. Maji yalikuwa bado yanamtiririka viwikoni.

“Niliona kanga imelowa, mwalimu. Sikuibadilisha.”

“Ipo kavu kwenye kikapu cha mama yake,” nikamwambia. “Kaichukue.”