Maktaba na Vinywa vya Wazee

Ratiba ya maktaba nayo ni aina ya utungo: ina mpangilio, ina maudhui, ina hadhira. Kwa hiyo yafaa ihakikiwe. Nimezisoma ratiba za namna hiyo kwa miaka mingi, za huku visiwani na za bara, na nyingi zina umbo moja: saa ya hadithi kwa watoto, shindano la kusoma kwa sauti, siku ya familia, na ngoma ya kumkaribisha mgeni rasmi. Hakuna ubaya katika hayo. Ila humo mzee huja kuwa mtazamaji, na utamaduni huja kuwa pambo.

Tuichukue ratiba hiyo tuipeleke Kiruruma, huko Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya migomba na kahawa. Lugha ya Wanyambo, wenyeji wa huko, ni Kinyambo. Mfalme wao Rumanyika ndiye aliyewapokea Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861, na miaka miwili baadaye kitabu cha Speke kikaitangaza Karagwe huko Ulaya. Basi mtoto wa Kiruruma akitaka kujua mgeni aliyekaa wiki chache alisema nini juu ya nchi yake, kitabu kipo. Akitaka aliyosimulia bibi yake, atapata wapi? Wataalamu wamefanya sehemu yao: Josephat Rugemalira alitoa msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002. Lakini msamiati ni ghala la maneno. Hadithi zenyewe bado zimo vinywani.

Sisi wa pwani tusilione jambo hili kuwa la mbali. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilibaki katika kumbukumbu za watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumpatia mmisionari Taylor miongo kadhaa baadaye. Diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Tunajivunia Muyaka, nasi ni nadra kumtaja Sikujua. Lau asingekaa kitako akasikiliza na kuandika, tungekuwa na jina la malenga bila ya malenga mwenyewe.

Hilo ndilo ninalolidai katika ratiba ya maktaba ya jamii: saa ya Sikujua. Siku ya familia isiwe ya mzazi kumsindikiza mtoto tu. Mzee aseme, mjukuu aandike, kwanza kwa Kinyambo, kisha kwa Kiswahili ubavuni mwake. Siku za kuanzia zipo: tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2022. Baina ya siku hizo mbili mna miezi ya kutosha ya kuandika, kusahihisha na kutafsiri. Saa yenyewe ipangwe watu wakisharudi shamba, si asubuhi kwa kumridhisha mgeni rasmi.

Najua pingamizi. La kwanza, kwamba maandishi hunyamazisha sauti. Ni kweli. M. M. Mulokozi, aliyezitafiti tendi za enanga za Wahaya, jirani za Wanyambo, ametuonyesha kuwa utendi huo huishi katika nyuzi, sauti na hadhira kwa pamoja. Basi na inaswe sauti pia. Siku hizi simu ya mkononi inatosha. Daftari halishindani na enanga, hulisaidia lisisahauliwe.

La pili, kwamba lugha za makabila zitakidhoofisha Kiswahili. Mimi ni mfasiri niliyejifundisha kwa vitabu vya kuazima, na kila nilipotafsiri nimeona kinyume chake: lugha hutanuka inapotafutiwa neno isilokuwa nalo. Kahigi na Mulokozi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wako waliohofia mashairi yasiyofuata vina. Vina vingalipo, na ushairi umepata chumba cha pili.

Lililobaki ni dogo, nalo ndilo kipimo changu. Daftari likijaa, liwekwe rafuni pamoja na vitabu vingine, lipewe namba, na kwa idhini yake jina la bibi liandikwe kwenye orodha mahali pa mtunzi. La mjukuu lifuate, mahali pa mwandishi na mfasiri. Maktaba itakayofanya hivyo itakuwa imetenda haki ambayo Sikujua hajaipata kwetu hadi leo. Isiyofanya hivyo, hata ngoma zake zikilia namna gani, itakuwa imeazimisha vitabu tu, na mwenye kitabu amerudi kwake bila kuulizwa.