Hesabu ya Fundi Umeme

Geuza birika la umeme uangalie kitako chake. Utakuta kibandiko: volti 230, wati 2000, na nchi lilikotengenezwa. Ukinzani wa koili haumo, na mkondo mara nyingi haumo pia. Fundi anayeijua kazi hana haja navyo. Anagawa 2000 kwa 230, anapata ampea 8.7, anagawa tena 230 kwa hizo 8.7, anapata omu 26 na ushei. Hajalegeza hata skrubu moja, na tayari anajua koili iliyojificha humo ndani inapaswa kuwa ya namna gani. Akiweka mita ikasoma 26, koili ni nzima, atafute ubovu kwingine. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

Volti mara ampea ni wati, volti kugawa kwa ampea ni omu. Kanuni zote mbili zinaenea kwenye kiganja, na nadhani ndiyo sababu watu huzidharau. Lakini ufundi hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye kujua namba zipi za kuamini.

Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani, alilielewa hilo vizuri. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomea hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe, na mimi hupenda kuamini kwamba karakana ile ilimkaa mwilini. Betri za zama zake zilichoka huku zikitumika, kwa hiyo alipobadilisha waya hakuweza kujua kilichobadilika ni waya au ni betri. Mhariri wa jarida la fizikia, Poggendorff, akamshauri aachane nazo. Ohm akaunganisha bismathi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka, cha pili kwenye barafu. Umeme uliotoka hapo ulikuwa kidogo mno, ila haukuyumba. Kwa chanzo hicho kitulivu akapata uhusiano wake wa volti, mkondo na ukinzani mwaka 1826, akautolea kitabu Berlin mwaka uliofuata. Nyumbani kilipokewa kwa ubaridi. Medali ya Copley ya Uingereza ikamfikia mwaka 1841. Wengi humsifu kwa kanuni. Mimi namsifu kwa barafu.

Hata namba sahihi zina wakati wake. Chukua balbu ya kizamani ya wati 60. Kwa hesabu, ikiwaka ina omu 880 hivi. Izime, iache ipoe, uipime: mita itasoma omu sitini au sabini. Mwanagenzi atalaumu mita, na mita haina kosa. Waya wa tangsteni ukiwaka hupita nyuzijoto 2000, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Omu za baridi zinaeleza ule mfumbo wa jicho wa kwanza tu, swichi inapobonyezwa na mkondo kuingia kwa kishindo. Ndiyo maana balbu nyingi za aina hiyo hufia papo hapo, wakati wa kuwashwa.

Koili ya birika haina vituko hivyo, ukinzani wake hubaki karibu uleule. Umeme wa jioni ukishuka hadi volti 190, mkondo nao unashuka hadi ampea 7.2, na wati zinaumia mara mbili: zinabaki 1365 au pungufu kidogo. Volti zimepungua kwa chini ya moja ya tano, wati kwa karibu theluthi nzima. Birika haliumwi. Chai itachelewa tu, na anayekuuzia koili mpya siku hiyo anakuibia.

Lakini mahali ninapoiheshimu hesabu hii kuliko pote ni kwenye kiungo kilicholegea. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto la waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Sasa tuseme skrubu ya soketi imelegea na kuzaa nusu omu. Nusu omu ni kitu kidogo, mita ya kawaida huweza hata kuichanganya na ukinzani wa nyaya zake. Pitisha ampea 10: volti 5 zinapotea hapo, wati 50 zinakusanyika kwenye ncha ya skrubu moja. Fyuzi haitakatika, kwa sababu ampea 10 ni halali kabisa kwake. Plastiki inaanza kubadilika rangi, harufu inakuja baadaye.

Fundi mzuri haiulizi mita omu hapo. Anaacha mzigo uwake, kwa tahadhari ya mtu anayejua umeme haujui utani, anapima volti kati ya pande mbili za kiungo, anapima ampea, anagawanya. Kisha anazima, anakata ncha iliyoungua na kuchuna shaba mpya. Soketi yenyewe ikiwa imebabuka, anaibadilisha, maana kukaza juu ya shaba nyeusi ni kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa. Anawasha, anapima tena. Ikibaki hata volti moja kwa zile ampea 10, bado kuna wati 10 zinazochoma mle ndani, na kazi haijaisha.