Fimbo ya Kirumbizi na Kinga ya Mtawa

Mtawa wa Dungeons & Dragons hapigani na ngao wala hajifungi deraya. Ana mikono, miguu, fimbo akipenda, na pointi chache za ki. Kwa kanuni za 2014, akifika ngazi ya 3 anazo pointi 3 tu, na hapo ndipo anapochagua njia ya mapigano atakayoifuata hadi mwisho. Kwa ajili ya meza yetu nilitunga njia ya nyumbani, nikaichota katika kirumbizi cha Lamu: wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zinalia, mmoja anapiga na mwenzake anakinga. Nilitaka kukinga kuwe kutamu kama kupiga. Ilinichukua rasimu tatu.

Anayetunga njia ya mtawa aanze kwa kukagua pointi zinakokwenda. Mtawa hutoa 1 apate ngumi mbili za ziada baada ya shambulio lake. Kuanzia ngazi ya 5 hutoa nyingine kumduwaza adui. Zote zinatoka mfuko mmoja, na mfuko huo haujai tena mpaka apumzike saa 1. Njia ya Elementi Nne, iliyomo katika kitabu cha 2014, ilikwama hapo hapo. Pigo lake la hewa linakula pointi 2, na kwa kuwa linachukua tendo zima la zamu, ngumi za kawaida nazo zinapotea. Njia ya Mkono Wazi ilijengwa kwa akili zaidi. Mchezaji akishalipia zile ngumi mbili, kila moja inayompata adui inaweza kumwangusha, kumsukuma futi 15, au kumnyima nafasi ya kujibu, na hakuna pointi nyingine inayodaiwa. Uwezo mpya umepanda mgongoni mwa kitu ambacho mchezaji angekinunua hata hivyo.

Haya niliyajua, na bado rasimu ya kwanza nikatoza pointi 1 kwa kila kinga. Mezani ikaonekana mara moja. Mchezaji anaambiwa amepigwa, anatazama pointi zake, anakumbuka ngumi mbili, anaamua kuumia. Fimbo ya kirumbizi ikawa pambo.

Dawa ilikuwa mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Kila mhusika ana tendo moja la kujibu katika kila raundi, nje ya zamu yake. Mtawa wa 2014 hulitumia kudaka mishale, au kumpiga adui anayemponyoka. Akisimama ana kwa ana na mtu mwenye shoka, mara nyingi tendo hilo linalala bure. Nikaiweka kinga humo, bila malipo, nikaazima hesabu ile ile ya kudaka mishale: dadu ya pande 10, ongeza wepesi, ongeza ngazi. Kwa mtawa wa ngazi ya 3 mwenye wepesi wa 3, wastani ni 11.5. Orki na shoka lake kubwa hurusha dadu ya pande 12 na kuongeza 3, wastani 9.5. Kinga ikawa kubwa kuliko pigo. Pambano la wawili likakosa hofu, na kirumbizi bila hofu ya kupigwa hakina mchezo.

Rasimu ya tatu inapunguza pigo kwa dadu ya ngumi ya mtawa pamoja na wepesi. Katika ngazi ya 3 dadu hiyo ina pande 4, hivyo wastani ni 5.5, na pigo la orki linabaki kama 4: linauma, haliui. Katika michanganyiko 48 ya dadu hizo mbili, 10 tu ndiyo inayozima pigo lote, na ikitokea hivyo mchezaji anaweza kutoa pointi 1 arudishe fimbo papo hapo. Kinga ni bure, kisasi kinalipiwa. Sharti ni moja: unamkinga yule uliyemshambulia katika zamu yako iliyopita, kwa sababu uwanjani huwa unamkabili mtu mmoja. Ngazi zinazofuata hazikunisumbua. Dadu ya ngumi inakua yenyewe hadi pande 6, 8, kisha 10, na kinga inakua nayo.

Kisha kikaja kitabu cha wachezaji cha 2024. Humo kila mtawa, wa njia yoyote, akifika ngazi ya 3 anapewa kinga dhidi ya mapigo ya karibu pia, kwa dadu ya pande 10, wepesi na ngazi. Ni rasimu yangu ya pili, ile niliyoitupa! Nimeipigia hesabu tena na naona wametenda haki. Mimi nilimpima mtawa mbele ya orki mmoja, na meza nyingi hazina orki mmoja. Tendo la kujibu ni moja kwa raundi. Wakija watatu, kinga imezuia pigo la kwanza na mawili yaliyobaki yanatua kwenye mwili usio na deraya.

Kwa hiyo anayecheza kwa kanuni za 2014 aichukue rasimu ya tatu kama ilivyo. Anayetumia kitabu cha 2024 asiiguse, maana mtawa wake tayari ana kinga bora zaidi.